Ng'ombe wa Kumi

Mume wangu Ézéchiel anajua kuhesabu mpaka kumi, na hilo ndilo lililotuponza. Mpe mayai kumi, moja ni la Mungu. Mpe mshahara wake wa ualimu, ule unaochelewa miezi mitatu na kufika umekatwakatwa, na fungu la kumi litatoka kabla sijanunua hata chumvi. Nimeishi naye miaka ishirini na sita hapa Bunia. Ni mtu mwema, sikatai. Hanywi, hapigi, hana mwanamke wa pembeni. Lakini wema wake una gharama, na gharama hiyo kila siku hulipwa na watu wengine.

Binti yetu Bénédicte alipoposwa na Fiacre, kijana mwenye duka la vipuri vya pikipiki huko Komanda, ukoo wa kijana ulileta ng'ombe kumi. Kumi wazima, wakati huu ambapo vita vimemaliza mifugo na watu wanaoa kwa mbuzi watatu na ahadi. Tuliwapeleka Bogoro kwa shemeji yangu Honoré, kwa sababu sisi hapa mjini hatuna malisho. Watu walikula na kucheza, nami nilipiga vigelegele mpaka sauti ikanikauka. Kesho yake Ézéchiel akaenda Bogoro, akazunguka na wale ng'ombe kutwa nzima, mwisho akamchagua mtamba mwekundu aliyekuwa mzuri kuliko wote. Akasema huyu ni wa Bwana.

Honoré alimwambia kwa upole kwamba mahari si mavuno. Mavuno huliwa yakaisha. Mahari hukaa yakamngojea mtoto, ili siku ndoa ikiharibika awe na mlango wa kurudia nyumbani. Ézéchiel akamjibu kwamba Mungu haharibu ndoa za watu wanaomtolea. Nilikuwa nimefuatana naye, nikasikia majibizano hayo yote.

Jumapili ile akamwingiza mtamba kanisani kwa kamba, akampitisha katikati ya viti mpaka mbele ya mimbari. Ng'ombe akanya pale pale kwenye sementi. Watu wakacheka, wakapiga makofi, Pasta Michée akasema hata hiyo ni mbolea ya baraka. Sitajifanya mtakatifu: nilipiga makofi kuliko wote. Wenzangu walikuwa wameleta mapapai, nami nilikuwa mke wa mtu aliyetoa ng'ombe. Kwa muda wa mwezi mzima nilitembea sokoni kichwa juu.

Miaka miwili na nusu baadaye, mchana kweupe, Bénédicte akashuka kwenye pikipiki mbele ya nyumba yetu, amejifunika kitenge usoni. Nilipokiondoa niliona mdomo umevimba na meno mawili ya mbele hayapo. Kwa teke la Fiacre alikuwa amepoteza mimba ya miezi mitano. Hakulia hata kidogo. Aliomba uji, akaunywa kwa upande mmoja wa mdomo, akaweka kikombe chini.

"Mama, kule sirudie tena," akasema. "Mukinirudisha, siku ingine mutaitwa kuchukua maiti."

Nilimwambia harudi. Nilisema hivyo kama mtu mwenye uwezo.

Kwetu mwanamke hatoki kwenye ndoa kwa maneno. Anatoka kwa ng'ombe. Wale waliomleta kule ndio wanaomrudisha huku, na mpaka ng'ombe wa mwisho afike kwa wenyewe, yeye bado ni mke wao. Mumewe akimkuta popote, sokoni, kisimani, hata msibani, anaweza kumshika mkono akaenda naye, na hakuna mzee atakayemzuia. Serikali ina sheria zake, najua. Lakini serikali haijawahi kulala kwetu ikaona nani anakuja kugonga mlango.

Muzee Gustave, baba yake Fiacre, alikuja kutuona pamoja na wazee wawili. Haki yake nitampa: alipomwona Bénédicte aliinamisha kichwa, akasema mwanawe amemvua nguo mbele za watu. Nilidhani mambo yatakuwa mepesi. Kisha akakohoa, akageukia habari ya ng'ombe.

"Siye hatukatae," akasema. "Mutoto aliumizwa, tumeona. Muturudishie ngombe zetu kumi, maneno iishe. Yenye ilikufa, mutuonyeshe ngozi yake. Yenye iko muzima, ikuye yeye mwenyewe na yenye alizaa."

Ndivyo desturi ilivyo: aliye hai hurudi yeye mwenyewe pamoja na uzao wake. Hakuongeza wala hakupunguza. Na kwa ajabu ya Mungu, tisa wote walikuwapo. Honoré alikuwa amewahamisha mara tatu kukimbia watu wenye silaha, akalala nao porini, na hakupoteza hata mmoja. Yule mwekundu pia alikuwa mzima. Alikuwa anakula majani nyuma ya kanisa pamoja na ng'ombe wengine wa sadaka, na alikwisha kuzaa ndama wawili. Maziwa yake yaliuzwa kila asubuhi nyumbani kwa Pasta. Mimi mwenyewe nilikuwa mteja.

Nikamuuliza Muzee Gustave kama tungeweza kulipa mwingine badala yake. Akakataa, na wenzake wakatikisa vichwa. Ng'ombe aliye hai halipwi kwa mwingine, wakasema, isipokuwa kama hayumo tena mikononi mwenu, na huyu yumo mikononi mwa kanisa lenu. Nendeni mkamwombe Mungu wenu. Walitupa muda mpaka Jumapili ya mavuno. Baada ya hapo Fiacre angekuja kuchukua mke wake.

Basi tukaenda kwa Pasta Michée, mimi na Ézéchiel. Nilieleza kila kitu, meno, mimba, wazee. Pasta alisikiliza vizuri. Alitoa leso, akafuta macho, na naamini machozi yalikuwa ya kweli. Nilimwambia siombi ng'ombe wa bure. Siku mtoto akiwa huru tutarudisha mwingine, hata wawili, pole pole.

"Mama Bénédicte, naumia pamoja na weye," akasema. "Lakini kitu yenye ilishapanda kwa mazabahu haishuke tena. Leo nikurudishie weye ngombe, kesho kila mutu atakuya kuomba kuku yake."

Nikamgeukia mume wangu ili aseme neno. Alikuwa anaitikia kwa kichwa. Saa ile nilimchukia, na nasema hivyo bila aibu, kwa sababu nilijua anakubali nini. Maneno yale yalikuwa yake. Mwaka uliotangulia, mama mmoja aliyekimbia kutoka Djugu na kukaa kambini alitoa kuku wake wa pekee siku ya shukrani. Baada ya siku mbili mtoto wake akaugua, mama akarudi kuomba arudishiwe yule kuku akamuuze apate dawa. Ézéchiel, mzee wa kanisa, ndiye aliyemjibu mlangoni kwamba kilichopanda madhabahuni hakishuki. Mimi nilikuwa nimesimama kando na nikaona kwamba mume wangu ana hekima. Mkuki kwa nguruwe mtamu.

Pasta hakutufukuza mikono mitupu. Alisema siku ya mavuno kanisa huuza kwa mnada vitu vyote vilivyotolewa, mihogo, ndizi, kuku, mbuzi. Mwaka ule wangeuza na ng'ombe, kwa kuwa jengo jipya lilikosa mabati. Nikileta bei ya soko, angemwambia Yannick, shemasi anayepiga mnada, afunge haraka kabla wengine hawajachangamka. Nilimshika mikono nikamshukuru. Nilikuwa nashukuru kwa kuruhusiwa kununua bei ya mtoto wangu.

Niliuza mashini yangu ya kushona, niliyoshonea sare za nusu ya watoto wa mtaa. Niliuza vitenge viwili ambavyo sikuwahi kuvaa. Kwenye likelemba yetu ya wanawake, ambapo kila mmoja huweka fedha na kupokea kwa zamu, niliwaomba wenzangu wanipe zamu ya kwanza, wakakubali. Honoré akauza fahali wake mwenyewe na kuniletea fedha bila kuongeza neno. Zikatimia dola mia tisa. Sokoni, ng'ombe yule na ndama wake hawakufika hata mia nane na hamsini.

Nilimwomba Ézéchiel jambo moja tu: anyamaze. Nikamweleza kama ninavyowaeleza watoto, kwamba bei ya mnada ni siri. Aliniahidi. Lakini Jumatano kwetu ni siku ya ushuhuda, na katika kanisa letu mtu hushuhudia hata lile ambalo bado halijatokea, ili kumfunga Mungu kwa shukrani. Na ushuhuda usio na hesabu hawauhesabu kuwa ushuhuda. Ézéchiel akasimama mbele ya watu, macho ameyafumba, akamshukuru Bwana aliyetujalia dola mia tisa kamili kwa ajili ya kumnunua ng'ombe mwekundu, na kumtoa binti yake mkononi mwa mkwewe. Watu wakasema amina. Kati yao alikuwapo shangazi yake Fiacre. Alhamisi habari ilikuwa imefika Komanda.

Nilipomuuliza kwa nini, alishangaa kweli. Alidhani amesaidia. Mchuma janga hula na wa kwao, wanasema, lakini yeye hata hakujua kwamba amechuma.

Jumapili ya mavuno kanisa lilijaa mpaka nje. Yannick alikuwa na kipaza sauti na shati jeupe, na anajua kazi yake, ukimsikiliza unaweza kununua kiatu cha mguu mmoja. Mkungu wa ndizi ulikwenda kwa bei ya mbuzi. Jogoo alinunuliwa mara tatu, kwa sababu kila aliyemnunua alimrudisha auzwe tena kwa ajili ya Bwana, na watu wakacheka. Bénédicte alikaa karibu nami, kitambaa mdomoni. Fedha nilikuwa nimezifunga katika pindo la kitenge, na mkono wangu haukutoka hapo.

Wakamleta ng'ombe uani na ndama wake. Nikasema mia tano. Mtu akasema mia sita. Nikasema saba. Ndipo nikasikia sauti ya Fiacre kutoka nyuma, karibu na lango, akitaja mia nane. Alikuwa amevaa suti ya bluu na alikuwa mtulivu kama mtu aliyekuja kununua mkate. Nikasema mia tisa. Nilisema kwa nguvu, nikamtazama Yannick, na Yannick akainua mkono afunge, kama tulivyoagana. Kisha akamtazama Pasta.

"Mille," akasema Fiacre. "Mille dollars, kwa kazi ya Bwana."

Watu wote wakapumua kwa pamoja. Dola elfu moja zilikuwa mabati ya jengo zima. Nilimtafuta Pasta kwa macho, alikuwa anaangalia ndama. Yannick akahesabu moja, mbili, tatu, akafunga. Vigelegele vikapigwa, na mimi navijua vigelegele vile, ndivyo nilivyopiga mimi siku ng'ombe huyo alipoingia.

Bénédicte akasimama. Mtoto wangu hapendi kuonekana. Tangu utotoni akiitwa mbele hujificha nyuma yangu. Alitembea mpaka karibu na ng'ombe, akaondoa kitambaa mdomoni ili wote waone.

"Pasta, munitie na miye mu mnada," akasema. Kwa sababu ya meno, maneno yalitoka kwa upepo. "Hii ngombe ni bei yangu. Mumeshauzisha bei, muuzishe na mwenye bei."

Hakuna aliyecheka. Kwa muda mfupi nilidhani kuna mtu atasema kitu. Kulikuwa na watu mia tatu pale, wengi wao nimewashonea, nimewazika wazazi wao, nimelea watoto wao wakati wa kukimbia. Kisha Pasta akainua kidole, kwaya ikaanza kuimba, na ngoma zikamfunika. Wakamwita Fiacre mbele, wakamwekea mikono kichwani, wakamtangaza mfadhili wa jengo.

Baadaye tukaitwa ofisini. Pasta Michée aliongea kwa sauti ya chini, hakuweza kunitazama usoni moja kwa moja. Alisema mtu anayemtolea Mungu namna ile moyo wake umeguswa, kwamba huenda Bwana ametumia mnada huu kuirudisha ndoa. Fiacre alikuwa pale, anachezea funguo. Alisema Alhamisi atakuja na gari kumchukua mke wake. Nilimngoja Ézéchiel aseme hapana. Neno fupi, hata mtoto wa darasa lake la kwanza analiweza. Akasema tutaomba.

Wakati wanaomba niliwaza. Nilikuwa bado na dola mia tisa katika pindo la kitenge. Hakuna aliyezikumbuka, kwa sababu aliyeshindwa kwenye mnada hakuna mwenye habari naye.

Jumanne, Ézéchiel akiwa darasani, nilimpeleka Bénédicte kwa Charlotte, mwanamke anayefanya biashara ya samaki kati ya ziwa na soko letu. Nilimpa mwanangu fedha zote, za njia na za kuanzia maisha ng'ambo. Honoré alisema fahali wake amekwisha kwenda, asirudi. Za likelemba nitazilipa kwa sindano ya mkono mpaka macho yaishe. Kwa mara ya kwanza tangu nibatizwe, fedha zilipita mikononi mwangu bila kutoa fungu la kumi, na sikuogopa. Bénédicte alinikumbatia. Wakapita Bogoro, wakavuka ziwa, na jioni ya siku ya pili Charlotte akanipigia simu kwamba wamefika Uganda.

Alhamisi Fiacre alikuja na gari, akakuta nyumba bila mke wake, akapiga kelele, akavunja kiti kimoja, akaenda. Muzee Gustave alikuja baada ya wiki, mpole kama kawaida. Tulimpa ng'ombe tisa pamoja na uzao wao, akakataa kuwapokea. Tisa si kumi, alisema, na yule mwekundu mwanawe amemnunua kwa Mungu kwa fedha yake, hahesabiwi kwamba sisi tumemrudisha. Kwa vile sasa hayumo tena mikononi mwetu, wangekubali mwingine badala yake, pamoja na ndama wawili, sasa ambapo fedha zetu zimekwisha kuvuka ziwa. Mpaka siku hiyo Bénédicte ni mke wao, popote alipo. Nikifa kesho, hawezi kuja kunililia. Wakimkuta penye msiba wangu wataondoka naye.

Yuko Hoima, anapika katika mgahawa. Miezi minne hatukusikia kitu. Kisha siku moja, tumekaa mezani, Charlotte akaingia na kifurushi cha plastiki. Ndani mlikuwa na dola thelathini, na maneno aliyotumwa kuyasema: hii ni ya kununua ng'ombe na ndama wake, Mama aweke, nitatuma kila mwezi, siku moja nirudi nyumbani mlango ukiwa wazi. Nilipiga hesabu kichwani. Kama hataugua, kama hatafukuzwa, kama bei haitapanda, ni karibu miaka miwili na nusu.

Ézéchiel alilia. Nitasema ukweli wote: alilia kwa sauti, kichwa mezani. Anampenda mtoto wake. Tangu aondoke alikuwa hali vizuri, na mara nyingi nilimkuta amesimama mlangoni anaangalia barabara ya Bogoro. Kwa miezi ile yote nilikuwa sijamgusa, lakini siku hiyo nilimwekea mkono mgongoni. Akatulia. Akapangusa uso. Akavuta zile noti mbele yake, akazipanga, akahesabu, akatoa dola tatu na kuziweka kando.

"Ézéchiel," nikamwambia, "hii ni franga ya kumukomboa mutoto."

"Njo maana tuanze na ya Mungu," akasema, "ili ingine ipate baraka."

Aliinuka, akachukua bahasha ya sadaka kabatini na kalamu. Juu ya bahasha zetu kuna mstari wa kuandika jina la familia, na mwanamke aliyeolewa huandikwa chini ya jina la mumewe. Ndivyo wazee walivyokubaliana, naye akiwa miongoni mwao, ili hesabu za kanisa zisichanganyike. Alifikiri kidogo, kalamu mkononi, kwa sababu hapendi kuandika uongo. Kisha, kwa mwandiko wake mzuri wa mwalimu, akaandika: Familia ya Fiacre.